Theluji, Mawe na Saa: Mambo ya Kupima Kabla ya Kupanda Kibo

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 9 Desemba, mji wa Moshi hupokea vikundi vya Watanzania wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Wanafuata nyayo za Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na kuweka mwenge kileleni Desemba 1961, taifa lilipozaliwa. Wengi wa wapandaji hawa hawajawahi kukanyaga theluji. Wamelipia safari kwa akiba ya miezi mingi au kwa mchango wa wenzao ofisini, na wanachokijua kuhusu mlima ni kile walichoambiwa na muuzaji wa safari: idadi ya siku, bei, na ahadi ya kufika Uhuru.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua safari ya Kibo. Tunaandika kama chombo cha umma chenye wajibu wa kumlinda mlaji. Kijitabu hakiwezi kumfanya msomaji kuwa mwongozaji wa mlimani, wala hatukusudii hivyo. Tunachoweza ni kueleza kwa nini waongozaji wazuri hufanya wanavyofanya, ili mlaji aitambue huduma kamili na aijue huduma pungufu kabla fedha haijatoka mfukoni mwake.

Jambo moja tunaomba lishikwe tangu mwanzo. Kwenye theluji na mawe ya Kilimanjaro, usalama unategemea saa: saa ya kuanza kupanda, saa ya kupita mahali pa hatari, na saa ya kugeuka. Kampuni inayouza safari, kwa hiyo, inauza muda. Inayopunguza bei kwa kupunguza muda imepunguza usalama, hata kama haikusema hivyo.

Majira mawili ndani ya siku moja

Katika milima ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, watu wanaoteleza kwenye theluji kwa skii huyachunguza kwa makini sana majira yanayofuata baridi kali. Katika miezi hiyo theluji huyeyuka mchana na kuganda tena usiku. Alfajiri huwa ngumu kama sakafu. Saa chache baada ya jua kuchomoza, uso wake hulainika. Kufikia mchana hugeuka kuwa kama uji, na ndipo kwenye miteremko mikali huweza kuporomoka na kufukia watu. Kwa sababu hiyo wazoefu wa huko hupanda gizani na kuhakikisha wameshuka kabla jua halijakaza.

Kilimanjaro iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Hapa tofauti ya joto kati ya Januari na Julai ni ndogo kuliko tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa siku hiyo hiyo. Kule juu, usiku ni baridi kali na mchana ni jua kali, mwaka mzima. Mabadiliko ambayo nchi za mbali huyaona kwa wiki chache za mwaka, Kibo huyapata kila siku, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri.

Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 900, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kati yao pana mita 5,000 kasoro kidogo. Siku ambayo Moshi ina nyuzi 30 mchana, hewa ya kileleni inaweza kuwa karibu na sifuri. Usiku hushuka chini zaidi. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kibo kwa mbali, mwongozaji wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Wanajiografia wa Ulaya walibishana kwa miaka kadhaa kama kweli theluji inaweza kuwepo karibu na Ikweta, ilhali yule mwongozaji alikwisha kulitaja jambo lenyewe.

Namna theluji inavyobadilika

Kinachoamua ugumu wa theluji asubuhi ni anga ya usiku uliopita. Usiku ukiwa wazi na nyota zinaonekana, joto la theluji hupotea kuelekea angani, na uso wake huganda imara. Mawingu yakitanda, hufanya kazi kama blanketi: hulizuia joto hilo lisipotee, na theluji iliyolowa mchana uliotangulia hubaki laini hadi asubuhi. Mpandaji anayetoka hemani akaona anga imefunikwa na kuhisi hewa ya uvuguvugu asifurahi haraka. Usiku wa namna hiyo ni mzuri kwa usingizi, lakini haujengi ganda la kukanyagia.

Jua huchomoza Kilimanjaro karibu saa 12:30 asubuhi. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, hupanda angani kwa haraka, na nguvu yake huongezeka kila dakika. Upande wa mashariki wa Kibo hulipata kwanza. Upande wa magharibi hubaki kivulini kwa muda mrefu zaidi, lakini kivuli si kinga ya kudumu. Jua likishafika, miamba myeusi hupata joto upesi kuliko theluji nyeupe inayoizunguka.

Ganda la asubuhi lina faida na hasara zake. Faida ni kwamba hubeba uzito wa mtu na hushikilia kokoto na mawe yaliyo chini yake. Hasara ni kwamba huteleza. Kwenye mteremko mkali wenye ganda gumu, mtu akianguka anaweza kuteleza mbali asipate pa kushika. Ndiyo maana, theluji inapokuwa imeshuka hadi njiani, mwongozaji mwenye busara huwapa wateja wake meno ya chuma ya kufunga viatuni, huwafundisha kuyatumia wakiwa bado kambini, na huikata ngazi kwa kiatu mahali pagumu. Kampuni inayosema vifaa hivyo havihitajiki kamwe Kilimanjaro haijasema kweli. Huhitajika baadhi ya siku, na mlaji anapaswa kujua kama vitakuwepo siku hizo zikitokea.

Mawe yaliyoshikwa na barafu

Hatari iliyowahi kuua watu kwenye miteremko ya Kibo, na ambayo mlaji wa kawaida huisikia mara chache, ni mawe yanayoanguka. Chanzo chake ni mzunguko ule ule wa kuganda na kuyeyuka. Maji huingia kwenye nyufa za mwamba mchana. Usiku huganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Kutanuka huko husukuma jiwe kidogo kidogo kutoka mahali pake, usiku baada ya usiku. Wakati barafu ingali ngumu, yenyewe ndiyo gundi inayolishikilia jiwe lililokwisha kulegea. Jua likipiga, gundi huyeyuka.

Tarehe 4 Januari 2006, wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa na mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach, lile pengo la upande wa magharibi wa Kibo, juu ya kambi ya Arrow Glacier. Njia hiyo ilifungwa, ikachunguzwa, na baadaye ikafunguliwa tena mwaka 2007. Septemba 2015, mpandaji mwingine kutoka Marekani alipoteza maisha mlimani kwa kugongwa na mwamba ulioanguka. Hawa hawakuwa watu waliopanda kwa siri au bila waongozaji. Walikuwa wateja waliolipa, kama msomaji atakavyolipa.

Kuna sababu nyingine inayoifanya hatari hii isipungue. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Karne moja baadaye zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kila barafuto, yaani barafu ya kudumu, inaporudi nyuma, huacha wazi miteremko yenye mawe ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yamefunikwa au yameshikiliwa. Mlima unaouona leo si ule uliopandwa na wazee wetu, na sifa ya njia kwamba "imepitwa miaka yote" haitoshi kuwa dhamana.

Je, kuna maporomoko ya theluji na mchezo wa skii?

Swali hili huulizwa na walaji wanaoona picha mitandaoni, nasi tunalijibu waziwazi. Skii ziliwahi kutumika Kibo. Walter Furtwängler na Siegfried König, waliofika kileleni mwaka 1912, walikuwa nazo, na barafuto iliyo ndani ya kreta ina jina la huyo wa kwanza. Lakini theluji yao siyo ya leo. Barafu iliyobaki ina uso mgumu uliochongwa na jua na upepo, nayo huishia kwenye kuta zilizosimama wima. Theluji mpya huja baada ya mvua za masika za Machi hadi Mei, na za vuli za Novemba na Desemba, kisha huondoka baada ya siku au wiki chache, na chini yake kuna mawe. Anayekuuzia safari ya skii Kilimanjaro mtake akuonyeshe kibali cha maandishi kutoka ofisi ya hifadhi, kisha ukakithibitishe mwenyewe.

Maporomoko makubwa ya theluji, kama yale ya Milima ya Alpi, si jambo la kawaida kwenye njia zinazotumiwa na wengi huku kwetu, kwa sababu theluji yenyewe ni haba. Hata hivyo kanuni zake zinafaa kujulikana, kwa kuwa theluji haibagui nchi. Maporomoko hutokea zaidi kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Hutokea zaidi ndani ya siku moja au mbili baada ya theluji nyingi kuanguka, au theluji inapolowa kwa jua au mvua. Dalili zake ni nyufa zinazokimbia kutoka ulipokanyaga, mlio mzito wa theluji kukaa chini ya miguu, na vibonge vinavyobingirika vyenyewe kutoka juu. Ukiona dalili hizo kwenye mteremko mkali, mahali popote duniani, jibu ni kuondoka hapo.

Maswali manne ya kupima hali

Mlaji hana haja ya kuwa mtaalamu ili aulize maswali sahihi. Yafuatayo ni manne, na mwongozaji mzuri atakuwa amekwisha kujiuliza yote kabla hujayataja.

1. Usiku ulikuwaje? Anga wazi na baridi kali huashiria ganda imara. Mawingu, ukungu, theluji laini au mvua usiku huashiria kwamba asubuhi itakuwa dhaifu, na kwamba muda wa usalama utakuwa mfupi au hautakuwepo.

2. Kiatu kinazama kiasi gani? Kikiacha alama ndogo tu juu ya ganda, theluji bado inabeba. Kikizama hadi kifundo cha mguu, saa ya kuondoka kwenye mteremko mkali imefika. Kikizama hadi muundi, umechelewa. Ondoka kwa njia iliyo fupi na salama kuliko zote.

3. Kuna nini juu yetu? Tazama juu, si mbele tu. Miamba iliyochongoka, mawe yaliyokaa juu ya barafu, na mawe mapya yaliyotapakaa njiani juu ya theluji safi yanasema kwamba mahali hapo panaangusha. Mahali kama hapo hapafai kupumzikia, kupigia picha, wala kusubiriana. Hupitwa upesi, kwa nafasi kati ya mtu na mtu, na kofia ngumu zikiwa kichwani.

4. Jua litafika hapa saa ngapi, na sisi tutakuwa wapi? Hili ndilo swali linaloyafunga mengine yote. Jibu linapaswa kutolewa jioni kabambe kabla ya safari, kwa saa zinazotajwa, pamoja na saa ya kugeuka hata kama kilele kinaonekana.

Msomaji aliyeko Moshi anaweza kuanza kupima akiwa bado mjini. Mlima hujifunua asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni. Utazame kwa siku mbili au tatu mfululizo. Weupe umeshuka hadi wapi? Unaongezeka kila asubuhi, au unapungua? Kumbuka tu kwamba kutoka mjini unauona upande wa kusini, na huenda njia yako inapita upande mwingine. Macho yako yakupe maswali ya kumuuliza mwongozaji, yasikupe majibu.

Mfano wa safari mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Wafanyakazi wanane wa ofisi moja wanataka kupanda kwa njia ya Machame mapema Desemba. Wamepewa bei mbili. Kampuni ya kwanza inatoa siku 6, ya pili siku 7, na tofauti ya bei ni kubwa kiasi cha kuwafanya wafikirie mara mbili, kwa kuwa ada za hifadhi hulipwa kwa siku.

Katika safari ya siku 6, kikundi hutembea siku moja kutoka Barranco hadi kambi ya Barafu, iliyo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,600. Hufika alasiri wakiwa wamechoka, hula, hulala saa chache, na huamshwa karibu saa 5 usiku kuanza safari ya kileleni. Katika safari ya siku 7, hulala Karanga katikati, na hufika Barafu mchana. Wana nusu siku nzima ya kupumzika, kunywa maji, na mwili kuzoea hewa nyepesi.

Sasa tuseme theluji imeanguka alasiri. Vikundi vyote viwili vinaondoka karibu saa 6 usiku. Kile kilichopumzika kinafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, jua linapochomoza, wakati ganda lingali gumu. Kinakwenda Uhuru na kurudi, na kinaanza kushuka mapema. Kile kilichochoka kinakwenda polepole kuliko polepole inayotakiwa. Saa 3 asubuhi bado hakijafika ukingoni. Theluji imelainika, kokoto zilizokuwa zimegandamana zimeachana, na mawingu yameanza kupanda. Mwongozaji anajua saa ya kugeuka imepita. Lakini wateja wamelipa, hakuna siku ya akiba, na muuzaji aliwaahidi kilele. Kila mmoja anamtazama yeye.

Hapo ndipo bei nafuu inapodai salio lake. Hatari ya asubuhi ile haikuanzia kwenye theluji. Ilianzia siku wanane hao walipolinganisha bei bila kulinganisha saa. Hatusemi kwamba kila safari fupi ni mbovu, wala kwamba bei kubwa ni ushahidi wa ubora. Tunasema kwamba mlaji aulize fedha iliyopunguzwa imepunguzwa kutoka wapi.

Kabla ya kulipa

Tunashauri mlaji aulize yafuatayo, na apate majibu kwa maandishi:

Je, kampuni ina leseni hai ya biashara ya utalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na mwongozaji mkuu ana leseni yake? Hakuna anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo swali hili halimwudhi mfanyabiashara halali.

Safari ni ya siku ngapi mlimani, ukiondoa siku za kusafiri na kulala Moshi? Je, ipo siku ya kuzoea mwinuko, kama ile ya ziada inayolalwa Horombo kwenye njia ya Marangu?

Njia yenyewe ni ipi? Ikiwa inapita Western Breach, je, kampuni imekueleza hatari ya mawe, saa ya kuondoka kambini, na njia mbadala kupitia Barafu endapo hali itakuwa mbaya? Je, kofia ngumu zipo kwa kila mtu, wakiwemo wapagazi?

Theluji ikiwa njiani, nani analeta meno ya chuma, fimbo za kutembelea na vifuniko vya kuzuia theluji isiingie viatuni? Kama ni vya kukodi, vikague Moshi, si kambini. Usisahau miwani ya jua iliyo kamili. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na macho yasiyokingwa huweza kuumia kwa saa chache.

Wapagazi watalala wapi na watavaa nini? Mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20. Hili ni suala la utu kwanza. Ni suala la usalama wako pia, kwa sababu mpagazi aliyelala na baridi bila blanketi hawezi kumsaidia mgonjwa kushuka alfajiri.

Nani ana mamlaka ya kusema "turudi"? Jibu sahihi ni moja: mwongozaji mkuu, bila kusubiri ruhusa ya ofisi na bila kukatwa malipo. Kampuni inayosita kujibu swali hili imekwisha kulijibu.

Mkataba na haki zako

Soma kwa makini kifungu kinachohusu kutofika kileleni. Ni haki kwa kampuni kutorejesha fedha yote pale hali ya hewa inapowazuia wateja, kwa kuwa ada za hifadhi, chakula na ujira wa watu vimekwisha kutumika. Si haki mkataba kuwa na masharti yanayomwadhibu mwongozaji au mteja kwa kugeuka mapema. Vilevile jihadhari na tangazo linalohakikisha kilele kwa kila mteja. Hakuna mwenye kuihakikisha theluji, na anayeiahidi ama haijui, ama anakupotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na ahadi iliyochapishwa ni ushahidi. Hifadhi nakala yake.

Uliza pia kuhusu bima. Bima nyingi za safari huweka kikomo cha mwinuko, na Uhuru iko juu ya vikomo vingi. Bima isiyokufikia mita 5,895 itakuacha na gharama za uokoaji mikononi mwako.

Tunza stakabadhi, mkataba, na ujumbe wa simu mliotumiana. Ukiona huduma iliyotolewa ni tofauti na iliyouzwa, kwa mfano siku zimepunguzwa au vifaa vya usalama havikuwepo, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, ukitaja tarehe, kambi na jambo lililotokea. Usiporidhika, yalete kwetu pamoja na nakala zako. Taarifa ya mlaji mmoja huweza kumwokoa mwingine ambaye bado hajalipa.

Neno la mwisho

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro hurudi Moshi salama, wakiwa wamechoka na wenye furaha, na tunatamani msomaji awe mmoja wao. Mlima huu ni urithi wetu, na Mtanzania ana kila sababu ya kuupanda. Ila aupande akijua kwamba asubuhi yake ni fupi. Mwongozaji akikwambia saa 11 alfajiri kwamba mnageuka kwa sababu usiku haukuganda, usimlilie fedha yako. Mshukuru, kwa maana hiyo ndiyo huduma uliyoilipia. Kilele kitakuwepo Desemba ijayo, nawe uwepo pia.